Kuku na Madonge: Fupisha Kazi, Usiibe Supu

Natoka kazini saa kumi na moja jioni, nje theluji, na mkononi nina kuku wa kubanikwa wa supamaketi, bado ana moto ndani ya boksi lake. Saa kumi na mbili na nusu sufuria iko mezani: nyama ya kuku huyo, supu nzito nyeupe, na juu yake madonge ya unga yaliyoumuka, makavu kidogo kwa juu, yamelowa kwa chini. Hapa Louisville, Kentucky, kama kwingi kusini mwa Marekani, kuku na madonge ni chakula cha baridi na cha kumpelekea mgonjwa. Sisi tunaoongea Kiswahili tumekuwa wengi mjini hapa, hasa ndugu zetu wa Kongo, na karibu kila mwezi kuna anayeniuliza kinapikwaje bila kushinda jikoni.

Mzanzibari akisikia unga unachemshwa kwa madonge atakumbuka vipopoo, na hakosei sana. Ila vipopoo tunavifinyanga vidogo kama gololi na kuvipika katika tui lenye sukari na iliki. Madonge haya hayafinyangwi kabisa, na hapo ndipo mkono wetu unapotuponza. Tumezoea kukanda chapati, kukanda maandazi, mpaka unga uwe laini kama sikio. Ukiyakanda haya, umeyaharibu.

Tuanze na supu, maana ndiyo chakula chenyewe. Zamani alichemshwa mtetea mzee kwa saa kadhaa. Kuku wa kubanikwa anakuondolea kazi hiyo, lakini wengi wakishamchambua nyama hutupa mifupa na kufungua pakiti ya supu ya dukani. Siafikiani nao hata kidogo. Mifupa ile, ngozi, na mchuzi ulioganda chini ya boksi vina ladha ambayo pakiti haina, na havikugharimu chochote zaidi.

Mchambue angali moto, kwa sababu akipoa nyama inang'ang'ania mfupa. Iache nyama ya kidari kwa vipande vikubwa na uiweke kando. Mifupa, ngozi na ule mchuzi wa boksi vitie kwenye sufuria pamoja na maji lita 2, kitunguu kilichokatwa katikati, karoti moja, bua la seleri ukilipata, na punje kumi za pilipili manga. Acha itokote taratibu dakika 40. Usitie chumvi kwa sasa. Kuku wengi wa namna hii hutiwa maji ya chumvi kabla ya kubanikwa, na chumvi hiyo yote inarudi kwenye supu, utaonja mwishoni. Dakika hizo 40 hazikuhitaji. Kaoge, au msimamie mtoto kwenye kazi yake ya shule.

Ukishachuja, yeyusha vijiko vikubwa 4 vya siagi kwenye sufuria pana, kaanga kitunguu kimoja na karoti mbili zilizokatwa ndogondogo. Nyunyizia vijiko vikubwa 4 vya unga wa ngano, koroga dakika mbili mpaka harufu ya unga mbichi iishe, kisha mimina supu kidogo kidogo huku unakoroga. Ongeza nusu kikombe cha maziwa, rudisha nyama, onja chumvi. Nyama iingie sasa hivi, kwa sababu madonge yakishakaa juu hutaweza tena kukoroga.

Madonge yanachukua dakika tano. Vikombe 2 vya unga wa ngano, karibu gramu 250. Kijiko kikubwa kimoja cha beking pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Gramu 50 za siagi baridi, uisugue na unga kwa ncha za vidole mpaka ionekane kama chenga. Mimina robo tatu ya kikombe cha maziwa baridi au mtindi, ukichanganya kwa uma. Unga mkavu ukishapotea, acha. Utaona mchanganyiko una mabonge, unanata, hauna sura, na mkono utakuwasha kutaka kuulainisha. Usiuguse. Unga wa ngano ukikandwa unatengeneza nyuzi. Nyuzi hizo ndizo zinazofanya chapati ivutike, na ndizo zinazofanya donge liwe kama mpira.

Supu ikiwa inatokota, chota kwa kijiko na udondoshe juu yake, ukiacha nafasi kati ya donge na donge, kwa kuwa yatakaribia kuwa mara mbili. Funika. Punguza moto. Dakika 15.

Mara yangu ya kwanza nilifunua baada ya dakika tano, nikafunua tena, kwa wasiwasi tu wa mpishi mgeni. Madonge yalilala, ndani yakabaki ubichi unaong'aa. Mara ya pili alikuwapo jirani yangu, bibi wa hapa hapa, na nilipoinua mkono kuelekea sufuria yeye aliweka kiganja chake juu ya kishikio cha mfuniko akakiacha hapo, akaendelea na hadithi yake. Baadaye nikaelewa. Donge linapikwa na supu kwa chini, na kwa juu linapikwa na mvuke peke yake. Beking pauda nyingi huumua mara mbili: zikilowa, kisha zikipata joto. Ukifunua kabla ya joto kumaliza kazi yake, mvuke unatoka na donge linakaa. Ukiwa na mfuniko wa kioo utakuwa umejiondolea kishawishi.

Baada ya dakika 15 lipasue moja. Ndani liwe na vitundu kama andazi. Likiwa bado na utepe unaong'aa, funika dakika tatu tena.

Siku ambayo hata dakika tano huna, tumia unga wa kopo, ule wa biskuti za Kimarekani unaokaa kwenye friji ya dukani. Ni mali ya mji huu: Lively Willoughby wa Louisville alipata hataza ya kuufungasha mwaka 1931. Bapaza kila kipande, kikate mara nne, vumbisha unga mkavu, tumbukiza. Epuka ule wa matabaka, unafumuka kwenye supu. Kwa ulimi wangu unazidi chumvi na utamu kidogo, lakini unashibisha.

Mimi njia ninayoipenda zaidi ni chapati za jana. Wapo Wamarekani wanaokata tortila ziwe madonge bapa. Chapati iliyokauka kidogo, ikikatwa vipande vya upana wa vidole viwili, inafanya kazi hiyo hiyo. Itie dakika tano za mwisho tu.

Ukiwa Dar au Nairobi, kuku wa kuchoma wa mkaa sikushauri: moshi, ndimu na pilipili vitaitawala supu. Mchemshe kuku wa kisasa mzima dakika 45, mchambue, kisha irudishe mifupa. Wa kienyeji mtie kwenye sufuria ya presha.

Kilichobaki kiingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita, na ukimalize ndani ya siku tatu. Madonge weka chombo chake, supu chombo chake, la sivyo asubuhi utakuta yameinywa yote. Kama umesahau ukayachanganya, ongeza kikombe cha maji au maziwa, pasha kwa moto mdogo, na badala ya kukoroga tikisa sufuria kwa masikio yake.