Parachichi likomae mtini kwanza

Juzi mama mmoja wa hapa Makandana aliniwekea mezani maparachichi matatu ya Hass aliyoyanunua siku 12 nyuma. Yalikuwa yamekunjamana maganda. Nilipopasua moja, nyama ilivutika kama mpira, na mbegu ilikuwa bado imevaa ngozi nene, nyeupe, yenye majimaji. Aliniuliza ni ugonjwa gani. Si ugonjwa, mama. Lilichumwa changa.

Barua za msimu huu karibu zote zinauliza dawa ya kusinyaa huko. Ndugu zangu, kukomaa na kuiva ni mambo mawili. Parachichi hukomaa mtini, haliivi mtini. Huiva baada ya kuchumwa, kwa wiki moja hadi mbili hivi. Wakati linakomaa, maji hupungua na mafuta huongezeka, na mafuta ndiyo yanayojaa mwishoni. Ukiliwahi, umechuma maji, na hakuna kufunika wala kuvundika kutakakoyaleta mafuta ambayo mti haukuyaweka.

Najua inavyoanza. Ada ya shule inadaiwa, dalali anafika na fedha mkononi, ananunua mti mzima kwa kuutazama tu, kisha vijana wake wanaangua kubwa na dogo, mengine yakidondoka chini, yote gunia moja. Huyo hana sababu ya kusubiri, kwa kuwa mwezi ujao atakuwa wilaya nyingine. Jina baya linabaki Rungwe. Soko la China tulifunguliwa Novemba 2022, na tunda la kwenda huko hukaa melini wiki kadhaa. Changa litafikaje? Wakenya kila mwishoni mwa mwaka husimamisha usafirishaji wa Hass kwa meli mpaka yakomae, na kipimo chao ni uzito mkavu wa asilimia 24.

Kipimo hicho unakiweza nyumbani. Chuma matunda kama 6 kutoka miti tofauti, paruza nyama yake, pima gramu 100 kwa mizani ya duka, kisha kausha kwa moto mdogo bila kuunguza mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 24 au zaidi, ita mnunuzi. Huna mizani? Pasua tunda utazame mbegu: ngozi yake ikiwa ya kahawia, nyembamba na kavu kama karatasi, limekomaa. Wala usifuate kalenda ya jirani. Walio bondeni kuelekea Kyela hutangulia; wa juu, upande wa Isongole, wavute subira. Na ukichuma, kata kwa mkasi ubakize kikonyo kifupi, kwa maana ukikinyofoa umefungua mlango wa kuoza.

Mafuta hayohayo ndiyo yanayonifanya niandike kwa uchungu. Gramu 100 za parachichi lililokomaa zina mafuta kama gramu 15, mengi yakiwa ya aina inayofaa moyo, na nyuzinyuzi karibu gramu 7. Vitamini A iliyomo kwenye karoti na mchicha hufyonzwa vizuri mwilini yakiwapo mafuta, hivyo vipande vya parachichi juu ya mboga vina kazi kubwa kuliko kupamba sahani. Njombe inasifika kwa parachichi, lakini takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha karibu nusu ya watoto wake wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Tusiuze yote. Mtoto akitimiza miezi 6, pamoja na kunyonya, mpondee parachichi laini, bila sukari, au lichanganye kwenye uji ukishapoa.

Kuliivisha, liweke kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu. Usilitie kwenye friji kabla halijalainika. Likiwa tayari, lipasue kwa urefu, kisha menya ganda kwa vidole badala ya kuchota na kijiko, kwani ule ukijani ulioshikana na ganda ndio wenye viini vingi vinavyosaidia macho. Kamulia limau lisigeuke jeusi, ongeza kitunguu na chumvi kidogo, ule na ndizi za kupika. Usilichemshe, litakuwa chungu.

Walioniandikia kuhusu miti inayonyauka kuanzia ncha za matawi, chimbeni mifereji ya kutoa maji shinani kabla mvua hazijazidi. Mizizi ya parachichi haivumilii maji yaliyosimama. Mengine juu ya hilo wiki ijayo.