SOMO LA MWEKEZAJI: Bei ya mbunifu mmoja

JUNI 2001 timu ya magari ya mashindano ya Jaguar, wakati huo mali ya kampuni ya Ford ya Marekani, ilitangaza kuwa imempata Adrian Newey, mbunifu wa magari wa timu hasimu ya McLaren ya Uingereza. Siku hiyo hiyo McLaren nayo ikatoa tangazo lake: Newey haendi popote. Bobby Rahal, mkuu wa Jaguar na rafiki wa Newey tangu walipofanya kazi pamoja Marekani miaka ya 1980, aliachwa mikono mitupu, na kabla ya mwaka kwisha naye alikuwa ameondoka.

Kwa mpenzi wa mbio hicho kilikuwa kioja tu. Kwa mwenye hisa ni suala la hesabu, maana mali iliyogombewa haimo katika mizania ya kampuni yoyote. Mizania huonyesha majengo, mitambo, vipuri na madeni; kichwa cha fundi hakiandikwi humo. Hata hivyo, kati ya mwaka 1992 na 1998, ubingwa wa watengenezaji wa magari ya Formula One ulichukuliwa mara 6 kati ya 7 na magari yaliyotokana na kazi ya Newey: mara 5 ya Williams na mara 1 ya McLaren.

Kisa cha Williams ndicho chenye manufaa zaidi kwa mnunuzi wa hisa. Newey alitaka sehemu ya umiliki na sauti katika maamuzi makubwa. Wenye timu, Frank Williams na Patrick Head, hawakumpa. Akaacha kazi mwishoni mwa 1996. Mkataba ulimzuia kuanza McLaren hadi Agosti 1997, na huku yeye hayupo, gari alilokwisha kulichora likatwaa ubingwa wa mwaka huo. Aliyesoma matokeo yale angeapa kuwa hakuna kilichoharibika. Miaka ya 1998, 1999 na 2000 Williams haikushinda hata shindano moja. Si haki kuliweka lote hilo kwenye kuondoka kwa mtu mmoja, kwani Renault nayo iliacha kuipa timu injini zake mwisho wa 1997. Lakini tarehe zinaonyesha kuwa pengo la fundi huchelewa kufika kwenye vitabu.

Machi 2011 Williams iliuza hisa zake katika soko la Frankfurt kwa euro 25 moja. Mwezi Mei ikatangazwa kuwa mkurugenzi wa ufundi, Sam Michael, amejiuzulu, na msimu ule timu iliambulia pointi 5. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa hayakuwa magumu, na mwenye duka la nguo anayemtegemea mkataji mmoja anayajua: nani anachora, mkataba wake unakwisha lini, na akiondoka atakaa nje muda gani kabla ya kuingia kwa mshindani?

Septemba 2024 timu ya Aston Martin ilimtangaza Newey, aliyekuwa anaondoka Red Bull, na safari hii akapewa hisa. Alichonyimwa Williams ndicho kilichotumika kumfunga. Hapa mnunuzi mdogo awe mwangalifu: kampuni ya magari ya Aston Martin iliyoorodheshwa London na timu ya mashindano ni kampuni mbili tofauti, ingawa jina ni moja. Aliyekimbilia hisa za kiwanda kwa sababu ya habari za Newey alinunua kitu kingine.

Ama Jaguar, Ford ilichoka kuigharimia na Novemba 2004 ikaiuza timu kwa Red Bull. Mwaka 2006 Newey aliingia katika kiwanda kile kile cha Milton Keynes alichokikataa 2001. Ubingwa wa 2010, 2011, 2012 na 2013 ulitoka hapo, ukahesabiwa kwa mwenye mali mpya.