Kipenzi na ghali katika neno moja

Swali: Mwalimu, bibi mwenye nyumba ninamopanga hapa London alishika pakiti ya stroberi sokoni, akasema "they're dear", akairudisha. Nikadhani anazipenda sana, nikamnunulia. Akashangaa. Nilikosea wapi?

Alikuwa akilalamikia bei. "Dear" ni mpendwa, na ni ghali pia. Maana hii ya pili bado ipo vinywani mwa watu Uingereza na Ireland, hasa wazee. Wamarekani wengi wameiacha, wanasema "expensive".

Si kosa la kukuvunja moyo, maana neno lenyewe lina sura mbili tangu zamani. Kiingereza cha miaka 1,000 iliyopita kilikuwa na "deore", nalo tayari lilibeba yote mawili: chenye thamani hupendwa, tena hakipatikani kwa urahisi. Humo limetoka "darling", kipenzi. Limetoka pia "dearth", yaani uhaba: chakula kikiadimika, bei hupanda. Kila nikilifundisha neno hilo hutulia kidogo, kwa kuwa ni ndugu wa damu wa "darling" na limebeba njaa.

Swali: Sasa nitazitofautishaje?

Tazama kijineno kinachofuata. "She is dear to me": nampenda. "It is too dear for me": mfuko wangu haufiki. Kwa bidhaa ya sokoni, karibu kila mara ni bei. Na "Dear Sir" mwanzoni mwa barua ni adabu tu. Hata barua ya kudai deni huanza hivyo.

Swali: Ni Waingereza peke yao?

Hapana. Wafaransa wana "cher", Waitaliano "caro", yote kutoka "carus" la Kilatini. Lakini mfano ninaoupenda uko kwetu. Ghali ni neno la Kiarabu, na Waarabu wanalitumia pande zote mbili. Ukiwa Muscat utamsikia mama akimwita mwanawe "ya ghali", na hapo hakuna biashara yoyote. Sisi tulichukua upande wa bei, na kwa mapenzi tukachukua azizi, la Kiarabu vilevile. Ndiyo maana "mke wangu ghali" linakwaruza sikio la Mswahili, ilhali "azizi wangu" linateleza.

Huyo bibi mwenye nyumba ukimwandikia kadi, andika "you are dear to me". Hayo maneno mawili ya mwisho usiyaache.