Kabla ya Kushika Kipaza Sauti: Vidokezo vya Krismasi kwa Mkristo wa Nakuru

Desemba ikifika, makanisa ya Nakuru hujaa shuhuda, kuanzia Kaptembwo hadi Lanet. Mmoja amepata kazi, mwingine amenunua ploti Njoro, wa tatu mtoto wake ameitwa chuo kikuu. Amina kwa wote. Lakini aliyefutwa kazi Machi na kumzika mamake Agosti hukaa kimya kwenye benchi la nyuma, kana kwamba mwaka wake haukupita mikononi mwa Mungu huyo huyo. Vidokezo hivi ni vya huyo wa nyuma. Wenye ploti pia wanakaribishwa.

1. Anza na taarifa ya M-Pesa

Kabla ya kufungua Biblia, fungua simu. Omba taarifa ya mwaka mzima kwenye programu ya M-Pesa, kisha ukae nayo na kikombe cha chai. Kumbukumbu zetu hujipendelea. Ile taarifa haimwogopi mtu. Utaona uliyemtumia 500 za dawa Februari na hukumpigia tena kujua kama alipona. Utaona mkopo wa Fuliza wa saa sita usiku, wiki ile ile uliyokuwa ukimwambia kila mtu uko sawa. Utaona pia jina la mtu aliyekutumia 1,000 bila kuombwa. Hilo liandike kando, kwa sababu Mungu hutuma msaada kupitia watu wenye namba za simu, na wengi wao hatujawaambia asante.

2. Wataje marehemu kwa majina

Wengi wanaogopa kwamba kilio kitaharibu sikukuu. Ukisoma Mathayo 2 hadi mwisho, Krismasi ya kwanza yenyewe ina Herode anayeua watoto na familia inayokimbilia Misri usiku. Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la reli eneo la Old Kijabe yalibomoa njia na kusomba nyumba za Kamuchiri, Mai Mahiu. Waliokufa walizidi 50. Miaka sita kabla yake, 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasua kingo zake Solai na kuua zaidi ya watu 40. Familia zilizobaki huimba nyimbo zile zile za Krismasi tunazoimba sisi.

Basi kabla ya kubariki chakula, mtaje marehemu wenu wa mwaka huu kwa jina lake. Ile sala ya jumla ya "wapendwa wetu waliotutangulia" haimgusi mtu. Anayetaka kulia, mwacheni alie. Kama maneno yanakosekana, someni Zaburi 88, ambayo inaishia gizani bila hata mstari wa sifa. Waliozikusanya Zaburi hawakuiondoa.

3. Ukipanda Menengai, aga nyumbani

Kuna wanaopenda kufunga na kuomba kwenye mapango ya kreta ya Menengai, na mwisho wa mwaka hamu hiyo huzidi. Mvuto wake naujua. Ukisimama ukingoni, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, mji na ziwa viko upande mmoja. Upande wa pili ni shimo lenye upana wa kilomita zipatazo 12, mawe meusi ya volkano na mvuke unaofuka kutoka ardhini. Ni vigumu mtu kujiona mkubwa pale.

Hata hivyo, nenda na wenzako, sema mtarudi lini, na mbebe maji. Kiongozi yeyote anayekwambia kwamba maji yanavunja mfungo, au anayekutaka uache dawa za presha au za kisukari, mwache aendelee na safari yake peke yake. Tangu Aprili 2023, zaidi ya miili 400 imefukuliwa Shakahola, Kilifi, wakiwemo watoto, baada ya watu kuhubiriwa kwamba njaa ingewafikisha kwa Yesu. Nchi iliyozika watoto hao haina ruhusa ya kucheza na mfungo.

Isaya 58 inaeleza mfungo wenyewe: kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumkaribisha asiye na makao. (Wakazi wa mtaa wetu wa Section 58 hawana kisingizio cha kuisahau namba hiyo.) Unaweza kuufunga bila kupanda mlima. Ruka chakula cha mchana kwa wiki moja, kisha pesa hizo umpe mtu wa Kihoto, Naivasha, ambaye ziwa limeingia sebuleni kwake.

4. Usikope ili utoe sadaka

Karani wa shule hapokei baraka Januari badala ya karo.

5. Mtembelee jirani asiye wa kabila lako

Krismasi ya 2007 tuliisherehekea siku mbili kabla ya kura ya 27 Desemba. Kufikia mwisho wa Januari, Nakuru na Naivasha zilikuwa zikiteketea kwa ghasia za baada ya uchaguzi, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulikuwa umejaa mahema ya waliotimuliwa makwao. Miaka ya 1990 ilikuwa imetuonyesha mambo hayo hayo. Wakati huo Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, aliwatetea hadharani waliofurushwa kwenye mapigano ya kikabila, serikali ipende isipende. Tulimsifu sana alipofariki 2020. Kumwiga ndiko kunakotushinda.

Kwa hiyo jiulize: mwaka huu, nani asiyezungumza lugha ya mamako ameingia nyumbani kwako akala? Kama hakuna, chapati zipo. Mpelekee wewe mwenyewe, usimtume mtoto, na ukae mle pamoja. Siasa za 2027 ziache nje pamoja na viatu.

6. Safiri mchana

Kila Desemba tunaombea safari, kisha tunapanda gari la usiku la dereva ambaye hajalala tangu juzi. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Maombi ya safari yaanze na kuchagua saa ya kuondoka.

7. Ushuhuda wa kesha: dakika mbili

Usiku wa 31 mchungaji atauliza nani ana neno. Simama, hata kama mwaka umekulemea. Sema kilichotokea, aliyekusaidia (lile jina la kwenye M-Pesa), na unachoomba. Usibuni muujiza ili upigiwe makofi. Ukishindwa hata kuomba, sema hivyo tu, ukae. Walio karibu nawe watajua la kufanya. Na kama wewe ndiye mchungaji, tafadhali usimmalizie mtu ushuhuda wake.

Kesha huenda hadi baada ya saa sita, na usiku wa Nakuru una baridi. Beba sweta na thamosi ya chai, na vikombe viwili.