Kabla ya Dripu ya Kwanza

Tuseme mama mmoja wa Saza ameona uvimbe kwenye titi lake. Anakwenda hospitali Mkwajuni, halafu Mbeya. Mwisho anafika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Daktari anamwambia atatibiwa kwa dawa za kuua saratani.

Mama anaogopa. Kijijini amesikia kwamba dawa hizo ndizo zinazoua watu. Anafikiri kurudi nyumbani. Lakini kabla ya matibabu, muuguzi anakaa naye pamoja na binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie kweli. Dawa hii itanifanya nini?"

"Saratani ni chembe za mwili zinazoongezeka ovyo. Dawa huua chembe zinazoongezeka upesi. Lakini zipo chembe nzima ambazo nazo huongezeka upesi: za mashina ya nywele, za kinywa, za tumbo na za damu. Hizo pia huumia. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, kinywa hupata vidonda, na mtu hutapika."

"Nywele zitarudi?"

"Kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha. Na dawa za kuzuia kutapika zipo. Utapewa dripu kwa awamu, mara nyingi kila baada ya wiki 3, ili mwili upumzike. Kabla ya kila awamu tutapima damu. Ukiona nafuu, usiache. Na ukitumia mitishamba, tuambie, kwa maana mingine hupingana na dawa."

Mama anaitikia kwa kichwa. Muuguzi anaendelea.

"Sasa sikiliza jambo kubwa kuliko yote. Dawa hupunguza chembe nyeupe za damu. Hizo ni askari wa mwili. Mara nyingi huwa chache sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au ukitetemeka kwa baridi, nenda hospitali saa ile ile, hata usiku."

"Kwetu mtu akipata homa tunasema ni malaria. Hununua vidonge dukani, akalala."

"Hapo ndipo wengine hupotea, mama. Huenda ikawa malaria, hospitali watapima. Lakini huenda ni wadudu walioingia kwenye damu, na hao hawangoji asubuhi. Ukifika, onyesha kadi yako. Sema: 'Ninatumia dawa za saratani.'"

Mama anatoa daftari lake la kisomo. Anaandika polepole, kwa mkono wake mwenyewe:

1. Tarehe ya dripu ya leo.
2. Tarehe ya kurudi.
3. Majina ya dawa.
4. Namba ya simu ya wodi.
5. HOMA: HOSPITALI SAA ILE ILE.

Binti anaahidi kuweka nauli ya dharura kando, isiguswe kwa jambo jingine.

Sasa mama bado ana hofu, lakini anajua la kufanya.

MASWALI

1. Kwa nini nywele hunyonyoka?
2. Kwa nini mgonjwa huyu asitibu homa nyumbani?
3. Usiku wa manane, mgonjwa wa Saza atafikaje hospitali? Jadilianeni: nani ana pikipiki au gari?

ZOEZI

Nakili mstari wa tano wa daftari la mama kwa herufi kubwa.