HESABU YA SAFARI: BUKOBA HADI MWANZA

Mara nyingi tunasikia watu wakisema, "Bukoba na Mwanza ni dakika arobaini tu kwa ndege!" Ni kweli, wakati ndege iko angani. Lakini je, mgonjwa wa Muleba mwenye miadi Hospitali ya Bugando atafika kwa dakika hizo arobaini? Leo tupige hesabu.

Chukua ramani ambayo sentimita 1 ni sawa na kilomita 20. Weka rula toka Bukoba hadi Mwanza. Utapata karibu sentimita 8 na robo tatu.

8.75 × 20 = 175

Basi ndege inakatisha juu ya Ziwa Viktoria kilomita 175 hivi. Sasa chukua uzi, uulaze juu ya barabara: Bukoba, Muleba, Biharamulo, Geita, hadi daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, kisha Mwanza. Barabara inalizunguka ziwa. Ni zaidi ya kilomita 400, tuseme 420.

Ndege ya pangaboi huenda kama kilomita 500 kwa saa moja.

175 ÷ 500 × 60 = dakika 21

Mbona basi watu wanasema arobaini? Kwa sababu ndege haianzi na mwendo huo. Hutambaa uwanjani, hupanda polepole, na huanza kupunguza mwendo mapema kabla ya kutua. Mvua ikiwa kubwa ziwani, rubani huzunguka juu akingoja, au hurudi. Abiria hununa, lakini tukumbuke tarehe 6 Novemba 2022: ndege ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 19.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Toka Muleba hadi Bukoba ni kilomita 70 hivi, tena anarudi nyuma!

Gari hadi uwanjani: dakika 90
Kungoja uwanjani: dakika 90
Angani: dakika 40
Kuchukua mzigo na kufika Bugando: dakika 50
Jumla: dakika 270, yaani saa 4 na nusu

Akipanda basi hapo hapo Muleba, zimebaki kilomita 350. Basi, pamoja na kusimama njiani, tuliwekee kilomita 50 kwa saa. 350 ÷ 50 = saa 7.

Ndege imeokoa saa 2 na nusu. Kwa mtu aliyezidiwa, hizo ni saa nyingi sana. Kwa mwenye miadi ya kesho kutwa, sisi tunaona heri apande basi kesho, nauli itakayobaki imsaidie kwa dawa na chakula.

Zoezi: Jirani yako anakaa Biharamulo. Pima kwa uzi hadi Bukoba, kisha hadi Mwanza. Je, utamshauri apande nini?