Seli Mbili za Neva Zinapozuiana

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Anayetaka kuueleza kwa hisabati hana budi kuanza na chache zaidi. Na tuchukue mbili, A na B. Kila moja ikiachwa peke yake hutoa misukumo 12 ya umeme kwa sekunde, lakini kila moja humpunguzia mwenzake kasi. Tukiziita kasi hizo a na b, na nguvu ya kuzuiana k, tunapata:

a = 12 − kb
b = 12 − ka

Jibu likiwa hasi tutaandika 0, kwani hakuna seli itoayo misukumo pungufu ya sifuri.

Iwapo k = 0.5, milinganyo yote miwili hutimia a na b zikiwa 8. Tuivuruge hali hiyo kidogo: a iwe 9. Basi b = 7.5, kisha a = 8.25, kisha b = 7.875. Zinarejea kwenye 8.

Sasa k iwe 2. Mizani ipo kwenye 4. Tukianza na a = 5, b huwa 2, a huwa 8, b huwa 0, na a hufika 12. A imetawala, B imenyamaza kabisa. Tungeanza na a = 3, B ndiyo ingetawala. Kilichobadilika ni namba moja tu, wala si mpangilio wa seli. (Mwanafunzi ajaribu k = 1, ahesabu majibu yako mangapi.)

Mwaka 1911 Graham Brown, aliyechunguza mwendo wa paka nchini Uingereza, alipendekeza kwamba makundi mawili yanayozuiana hupokezana zamu endapo lile linalotawala huchoka. Hivyo ndivyo mdundo wa kutembea unavyoweza kuzaliwa bila amri ya kila hatua kutoka ubongoni.

Mdundo halisi umechunguzwa sana katika tumbo la kaa, ambamo fundo la seli 30 hivi huongoza usagaji na uchujaji wa chakula. Mwaka 2004, huko Marekani, Prinz, Bucher na Marder walijaribu kwa kompyuta vielelezo zaidi ya milioni 20 vya mtandao wa seli tatu, wakibadili namba zake. Asilimia 2 hivi, yaani zaidi ya laki nne, vilitoa mdundo unaofanana na wa mnyama, ingawa namba zao zilitofautiana sana. Kwa hiyo aliyepima mdundo pekee hawezi kurudi nyuma hadi kwenye namba zilizouzaa. Sharti azipime seli zenyewe.